Nani Anamlisha Jagwa?

Benvinda aliitambua injini kabla hajaiona boti. Ilikuwa na kikohozi chake, kama mzee aliyevuta tumbaku ujana wake wote. Boti ikakata kona, ikaingia kijitoni, na yeye akazidi kujikunyata ndani ya mtumbwi, nyuma ya magugumaji.

Ilikuwa boti ya nyumbani kwake. Na aliyeshika usukani alikuwa Altair, mumewe wa ndoa!

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, habari ni fupi. Benvinda ana loji ndogo ukingoni mwa mto Cuiabá, katika mbuga ya maji ya Pantanal, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Wageni hutoka mbali kuja kumtazama jagwa, yule chui mkubwa wa mtoni, akiota jua au akimvizia mamba. Wiki nzima wageni wa Benvinda hawakuona hata mkia. Asubuhi hiyo, ndani ya kijito kisichopitwa na boti za wageni, Benvinda alikuta mguu wa nguruwe umefungwa kwa kamba kwenye shina la mti. Mtu alikuwa anamlisha jagwa kwa siri, jambo lililopigwa marufuku mto mzima.

Na kama kuna mtu aliyelipigia kelele jambo hilo, ni Benvinda mwenyewe. Kila kikao cha wenye boti alisimama akamnyooshea kidole binamu yake Dirceu, mwenye loji kubwa ng'ambo ya mto. "Wewe unatega nyama! Ndiyo maana wageni wako hawakosi!" Dirceu alikuwa akicheka tu.

Sasa Altair alizima injini, akachomoa kisu, akaruka ukingoni. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mti.

Benvinda akashindwa kuvumilia.

"Altair!"

Kisu kikamponyoka. "Mungu wangu! Benvinda? Unafanya nini huku?"

"Mimi ndiye wa kuuliza. Hiyo nyama ni ya nani?"

"Sijui."

"Hujui. Miti yote hii ya Pantanal, lakini mguu wako umekuleta kwenye huu mmoja!"

Altair aliokota kisu, akakata kamba, akautupa mguu wa nguruwe mtoni. Maji yakachemka pale ulipoangukia. Piranya ni samaki wasio na subira.

"Nimekuja kuitoa," alisema. "Si umeona mwenyewe?"

"Na jana?"

"Jana niliitoa pia."

"Na juzi?"

Altair akafuta kisu kwenye suruali yake, akafuta tena, ingawa kilikuwa kimeshakauka.

"Kwa hiyo unamjua anayeifunga," Benvinda alisema. "Unamjua, unalala kitanda kimoja na mimi, na kila jioni unanisikia nikimtukana Dirceu, umenyamaza."

"Nimeapa kutosema."

"Mimi pia ulinioa kwa kiapo."

"Mke wangu, nikitaja jina hilo, nyumba yetu itavunjika."

"Kwani sasa hivi imesimama?"

Kabla Altair hajajibu, redio ya upepo ikakwaruza ndani ya boti. Sauti ya Dirceu ikajaa kijito kizima.

"Boti zote, boti zote. Tuna jagwa kwenye mdomo wa Kijito cha Korongo. Ametulia, anajilamba. Karibuni nyote. Hata wewe binamu Benvinda, kama umeshaamka."

Mume na mke wakatazamana. Ugomvi ungengoja. Wageni wasingengoja.

Wakaufunga mtumbwi nyuma ya boti, wakarudi mbio lojini. Gatini walikuwapo wageni wao wawili. Silvio, daktari wa meno kutoka Curitiba, alishavaa boya la kujiokolea na kuning'iniza shingoni kamera yenye lenzi ndefu kama mkono wa mtoto. Bi Herminia, mwalimu mstaafu kutoka mji wa Juiz de Fora, alikaa kwenye kiti cha kamba na darubini mapajani, miguu imemvimba kwa joto.

"Jagwa ameonekana, Bi Herminia! Twende!"

"Nendeni, wanangu. Miguu hii leo imegoma. Nitabaki na ndege wangu hapa hapa."

Silvio alishaingia botini. "Mimi sina shida na miguu! Washa, bwana, washa!"

Waliruka juu ya maji. Matawi yaliwachapa mabegani. Kwenye kona ya mwisho Silvio alisimama, Altair akamvuta chini kwa mkanda wa suruali asije akawa chakula cha mamba.

Walipofika, boti zilikuwa zimejazana kama nzi kwenye embe bovu. Watu wote walikuwa wanacheka, wanaoneshana picha. Ukingo ulikuwa mtupu. Kulikuwa na mchanga, nyayo mbichi, basi.

Dirceu alikuwa amekaa juu ya sanduku la barafu, kofia ya majani usoni, anafyonza kwa mrija chai baridi ya majani kwenye pembe la ng'ombe.

"Pole sana, binamu. Ametoka sasa hivi. Alipiga miayo hadi tukamhesabu meno."

"Hongera," Benvinda alisema, meno yake mwenyewe yamebana.

"Mngewahi kidogo tu. Au mlikuwa na kazi nyingine huko vijitoni?"

Altair akainamisha kichwa. Benvinda akauona uso wake ukibadilika, na swali jipya likamchoma. Je, Dirceu naye alijua? Mto mzima ulijua isipokuwa yeye?

Lakini Silvio hakumpa nafasi ya kufikiri. Alipasuka.

"Wiki nzima! Wiki nzima, mama! Nimeona nini mimi? Kapibara! Mipanya ya mtoni! Kapibara wamelala, kapibara wanaoga, kapibara wananitazama kama mimi ndiye kivutio!"

"Silvio, mto hauna ratiba. Huko mbele kuna familia ya fisi-maji wakubwa, wana watoto, wanakula samaki karibu kabisa na..."

"Sitaki fisi-maji!"

"Au yule korongo mwenye kiota..."

"Sitaki kuku wa aina yoyote! Nimemwahidi mke wangu jagwa. Nimewaahidi wagonjwa wangu jagwa. Nimeacha nafasi ukutani, juu ya kile kiti wanachokalia wakiachama! Nitatundika nini pale, kapibara?"

Boti za jirani zikacheka. Dirceu akasogea karibu, akamwambia Silvio kwa upole wa paka, "Mzee, kwangu kuna chumba kimoja wazi. Ukichoka, vuka mto."

Benvinda alihisi machozi ya hasira yakimpanda, akayameza. Aligeuza uso upepo umpige. Silvio aliifungia lenzi yake ndani ya begi, akavuta zipu kwa nguvu kama mtu anayefunga jeneza.

Huo ndio ulikuwa wakati mbaya kuliko wote wa kufunga lenzi.

Walipokata kona ya mwisho, Altair alipunguza injini ghafla.

"Benvinda," alinong'ona. "Gatini."

Jagwa alikuwa gatini.

Alikuwa jike, mnene wa shingo, madoa yake yanang'aa kwenye jua la mchana. Alisimama juu ya mbao, kati ya kiti cha Bi Herminia na ngazi za kupandia nyumbani. Bi Herminia alikuwa bado kwenye kiti chake. Darubini ilikuwa usoni, lakini mnyama alikuwa karibu mno hata darubini haikuwa na kazi. Yule mama alikuwa ameganda, hathubutu hata kuishusha.

"Zipu!" Silvio alifoka kwa sauti ya chini. "Zipu imekwama! Nisaidieni zipu!"

"Nyamaza wewe!" Altair alinong'ona.

"Imeshika kitambaa! Zipu imeshika kitambaa!"

Benvinda alisimama, akachukua kasia, akalipiga ubavuni mwa boti kwa nguvu zake zote. Akapiga kelele kama baba yake alivyomfundisha. Jagwa wa mwituni akisikia makelele yale hutokomea porini kabla hujamaliza pumzi.

Huyu hakukimbia. Aligeuza kichwa, akaitazama boti. Kisha akateremka hatua mbili kuielekea, akaketi juu ya makalio yake, akangoja. Macho yake yalikuwa mikononi mwao, mkono huu, mkono ule, kama paka wa jikoni anayetafuta nani ameshika samaki.

Mnyama huyu alijua boti maana yake ni nini.

Hakupata kitu. Akaguna, akasimama, akamgeukia tena Bi Herminia. Safari hii alinyoosha shingo, akanusa mkono uliokuwa umelala juu ya kiti.

"Sogeza boti," Benvinda alimwambia mumewe. "Itie ubavuni. Nitaruka."

"Huruki!"

"Sogeza, Altair!"

Mlango wa jikoni ukafunguliwa kwa kishindo.

Akatoka Mama Zulmira, mama mzazi wa Benvinda, aproni kiunoni na karai la plastiki mkononi. Hakukimbia. Alishuka ngazi kama mtu anayekwenda kuwamwagia kuku punje.

"Mrembo!" aliita. "Huku, mrembo wangu! Huyo mwache, huyo ni mgeni."

Akachukua pande la nyama ndani ya karai, akalirusha mbali, chini ya miti ya ukingoni. Jagwa akamwacha Bi Herminia, akapita karibu na sketi ya Mama Zulmira kwa ustaarabu wote, akaipata nyama yake, akatoweka nayo kichakani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku zote hizo Benvinda alitafuta mwizi ng'ambo ya mto!

Kisha Silvio akapata sauti yake.

"Kumbe!" alisema, begi bado mikononi, zipu bado imekwama. "Kumbe yupo hapa hapa nyumbani? Sasa wiki nzima mlikuwa mnanizungusha mtoni kwa sababu gani? Mama, kesho anakula saa ngapi?"

"Hali tena!" Benvinda alimkaripia.

"Atakula," Mama Zulmira alisema.

Benvinda aliruka gatini, akampigia magoti Bi Herminia, akamshusha darubini usoni.

"Umeumia, Bi Herminia?"

"Hapana, mwanangu. Amenipumulia tu." Alimeza mate. "Mume wangu na mimi tuliipanga safari hii miaka mingi. Yeye hakuiwahi. Nilikuja nimwone mnyama asiyenijua wala kunihitaji. Huyu alikuwa ananiomba chakula."

Akaanza kulia. Altair akamnyanyua pamoja na kiti chake, akampeleka ndani.

Jikoni, Benvinda alifunga mlango nyuma yake. Sufuria ya wali wa nyama kavu ilikuwa inaungulia jikoni, hakuna aliyejali.

"Tangu lini, Mama?"

"Usinikunjie uso. Mimi ndiye niliyekuzaa."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipoisha." Mama Zulmira alianza kusugua karai kwa mchanga, kwa hasira. "Baba yako alikuachia loji imejaa wageni. Wewe umeijaza sheria. Usiwakaribie, usiwapigie mluzi, usiwalishe. Wageni wanaondoka wamenuna kama wametoka msibani. Dirceu anajenga vyumba vipya, sisi tunafunga madirisha ya vyumba vya zamani. Nikae niangalie? Nilimpa mnyama chakula. Kulisha kumekuwa dhambi lini?"

"Mama, jagwa anayezoea mkono wa mtu hufa kwa risasi ya mtu. Siku moja mkono utakuwa mtupu, atauchukua mkono wenyewe! Umeona leo!"

"Leo nimeona ajabu. Hajawahi kuja nyumbani. Namfungia kule kijitoni kila alfajiri, anakula, anatulia. Ningewaelekeza mpite kule kama kwa bahati, wageni wamwone, kila mtu afurahi. Lakini kila nikienda kuangalia, nyama hakuna, na yeye hakuna. Nilidhani mamba wananiibia..."

Alimwona Altair amefungua mlango, amesimama kizingitini, na uso wa Altair ulikuwa umeshasema kila kitu.

"Ni wewe!" Mama Zulmira alisema polepole. "Ulinikuta kule, ukaniapia kwamba hutasema. Kumbe ulikuwa unanizunguka nyuma!"

"Niliapa kutosema, Mama. Sikuapa kuiacha nyama pale."

"Kwa hiyo alikuwa anakuta mti mtupu! Mnyama ana njaa, amemzoea mlishaji, hakuti kitu. Unafikiri atakwenda kumtafuta wapi? Umemleta wewe nyumbani kwangu!"

Benvinda akakaa juu ya gunia la mchele. Ilikuwa kweli. Mama yake alifanya kosa, mumewe akalificha kwa kulirekebisha gizani, na makosa mawili yakakutana kwenye kiti cha Bi Herminia. Na yeye je? Alikuwa kikaoni, anapiga meza, anamtukana Dirceu.

"Ungeniambia," alimwambia mumewe. "Siku ya kwanza tu. Ungeniambia."

"Ungefanya nini?"

"Sijui. Lakini ningekuwa na wewe. Umeniacha nipige kelele peke yangu kama kichaa."

Kilichomuudhi Benvinda kuliko yote ni kwamba kila mtu ndani ya nyumba ile alikuwa na sababu nzuri.

Aliinuka, akaenda kwenye rafu ya redio.

"Unafanya nini?" Mama Zulmira aliacha kusugua.

"Kuna wavuvi wanaopara samaki ukingoni mchana huu, Mama. Kuna watu kwenye mitumbwi. Huyu mnyama sasa anaifuata injini badala ya kuikimbia. Lazima wajue."

"Waambie kuna jagwa mkorofi. Yatosha."

"Nimemtaja Dirceu kwa jina mbele ya watu wote. Nitamsafisha kwa jina mbele ya watu wote."

"Benvinda." Sauti ya Mama Zulmira ilishuka. "Ukilitamka jina langu humo, usiniite mama tena."

Benvinda alibonyeza kitufe.

"Boti zote, boti zote. Hapa Benvinda. Kuna jagwa jike karibu na loji yetu anayesogelea watu. Anafuata mlio wa injini. Amekuwa akilishwa. Wavuvi, msipare samaki ukingoni, na wa mitumbwi, msishuke ukingoni upande wetu. Na jambo la pili." Akavuta pumzi. "Binamu Dirceu, nilikusingizia. Hukuwa wewe. Aliyekuwa anamlisha ni..."

Alimtazama mama yake. Yule mwanamke aliyemzika mume bila chozi alikuwa amelikumbatia karai kifuani, macho yamemtoka.

Benvinda alijaribu tena. "Ni..."

Mkono mpana ukamfunika wake. Altair akachukua kipaza sauti taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Ni mimi," alisema redioni. "Altair hapa. Nimemlisha mimi, tangu mvua zilipoisha. Mke wangu alikuwa hajui."

"Altair, hapana!"

Alishaachia kitufe.

Benvinda alingoja kicheko cha Dirceu. Alikuwa tayari kwa kicheko. Angalau angepata mtu wa kumkasirikia.

Lakini Dirceu hakucheka.

"Altair," ilisema sauti yake, safari hii haina utani hata kidogo. "Ungenyamaza, ndugu yangu. Nimewapakia sasa hivi askari wa mazingira. Walikuja kunikagua mimi, kwa malalamiko ya mkeo. Wamekaa hapa pembeni yangu. Wamesikia kila neno." Akasita. "Wanasema usiondoke hapo ulipo. Tunakuja."

Altair alirudisha kipaza sauti mahali pake. Akakaa kwenye benchi la jikoni, akaanza kuvaa viatu vyake vya safari, anafunga kamba moja moja.

"Vua viatu hivyo," Benvinda alimwambia, akaenda kuuziba mlango. "Vua! Utawaambia ulisema uongo."

"Nitawaambia ni nani basi?"

Nyuma yao karai likawekwa chini. Mama Zulmira alifungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Akajifunga upya kitambaa chake cha kichwa, kile cha kwendea kanisani, akaja hadi mbele ya binti yake.

"Nipishe, mwanangu," alisema.

Mlango wa jikoni ulikuwa mmoja, na Benvinda alikuwa amesimama katikati yake. Mbele yake mama, pembeni yake mume. Na nje, kwenye kona ya mto, boti ya Dirceu ilikuwa imeshaanza kusikika.